Jirani Yako Ana Sauti Gani?

Muulize mtu yeyote mwenye ng'ombe, kuanzia Bariadi mpaka Mkula kule, ni nani anatengeneza kengele nzuri. Hatafikiri. Atasema Maganga, halafu atakuuliza wewe umetoka wapi hata humjui Maganga.

Karakana yake iko Bariadi mjini, nyuma ya maduka ya pembejeo, mahali ambapo tangu asubuhi ni nyundo na grenda tu. Ni mwanamume mfupi, mabega mapana, na ana kofia moja ya sufu ambayo mkewe Felisita ameshaitupa mara nyingi na yeye ameshaiokota mara hizo hizo. Anachomelea milango, anatengeneza majembe ya kukokotwa na maksai, anaunga mikokoteni. Hayo yote ni ugali. Mboga yake, kitu kinachomfanya aamke mapema bila kuitwa, ni kengele za ng'ombe.

Kwa mtu asiyefuga, kengele ni kengele. Kwa Msukuma mwenye ng'ombe ni kama jina. Kiangazi kikikolea, ngitili zinafunguliwa, yaani yale malisho yaliyotunzwa tangu masika, na ng'ombe wa maboma mengi wanachanganyika humo kutwa nzima. Jioni kila kundi linamfuata kiongozi wake, na kiongozi anajulikana kwa kengele iliyo shingoni. Mchungaji aliye upande wa pili wa vichaka hawaoni ng'ombe wake, anawasikia. Ndiyo maana mteja alipofika kwa Maganga, hata kabla hajapewa kigoda, aliulizwa swali moja: "Jirani yako ana sauti gani?"

Hapo ndipo palikuwa na raha ya kuangalia. Mzee mzima, mwenye wajukuu na heshima zake, angesimama katikati ya karakana akaigiza kengele ya jirani kwa mdomo, kolo-kolo, kolo-kolo, na ya jirani wa pili, tili-tili. Maganga angeitikia kwa kichwa, akate bati nene la pipa, alikunje, alichomelee, atundike ulimi ndani. Kisha ikaja kazi yenyewe. Aligonga mdomo wa kengele kwa nyundo ndogo, akaitikisa karibu na sikio, akafumba macho, akagonga tena. Ya jirani ikiwa nene, hii aliibana iwe nyembamba. Aliendelea hivyo mpaka akapata sauti ambayo hakuna boma lingine la pale lililokuwa nayo, na watu walikaa kwenye magurudumu ya zamani wakimtazama utadhani ni misa.

Masikio hayo ndiyo yaliyomsaliti.

Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa nyenje. Mwaka mmoja Maganga aliona jioni zimekuwa kimya, akadhani dawa za pamba zimewaua. Alilalamika hata kwa jirani, na jirani akamwangalia tu, maana nyenje walikuwa wanapiga kelele mpaka inachosha. Halafu ukaondoka mkia wa sauti ya kengele, kile kijisauti chembamba kinachobaki hewani baada ya ulimi kugonga. Mkia ndio unaotofautisha kengele na kengele. Miaka yote ya nyundo na grenda bila kuziba masikio, maana nani Bariadi aliziba masikio, ilikuwa imekuja kudai chake.

Hakumwambia mtu. Fundi wa kengele asiyesikia ni nani? Alijibu "ehee" kwa kila kitu. Aliwalaumu vijana wa siku hizi kwa kumung'unya maneno. Alisogeza redio karibu, akaiongeza sauti, akasema betri zimechoka. Kengele alizotengeneza aliendelea kuzitikisa na kufumba macho, lakini alikuwa anabahatisha kwa mkono na kumbukumbu, na kila mteja alipoondoka alihofu atarudi.

Ndipo binti yake Veronica alipoleta habari ya mashine.

Veronica alisomea ufundi wa kuchora kwa kompyuta, akarudi nyumbani badala ya kubaki Mwanza, jambo ambalo lilimfurahisha baba yake kuliko alivyowahi kukiri. Alisema ipo mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Unachora umbo mara moja, unaiambia, inakata mabati mengi kadiri utakavyo, yote sawasawa kama mapacha. Mafundi wengine wa pale walidhani mzee atakataa. Mtu ambaye hata simu yenye kioo alipewa kwa nguvu! Maganga aliuza maksai wawili bila hata kulala na wazo lenyewe. Watu walishangaa, wakasema mzee ameelimika. Kilichokuwa moyoni mwake ni hiki: mashine ikitengeneza kila kengele sawasawa na ile moja iliyo nzuri kuliko zote, basi masikio hayahitajiki tena.

Mashine ilipofika, akaipa jina. Aliiita Mkwe. "Vero nimemngoja alete mume," aliwaambia wageni, "kaleta hiki. Hakinywi pombe, hakigombani, kinakula umeme tu. Nimekipokea." Veronica alikunja uso kila mara, na kila mara Maganga alicheka upya.

Kengele iliyo nzuri kuliko zote ilikuwa nyumbani, imetundikwa kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni. Maganga aliitengeneza akiwa bado anajifunza kazi, kwa ajili ya ng'ombe aliyetangulia wa mahari ya Felisita. Siku ile Felisita alikuwa kisimani, akaisikia kengele kabla hajaona ng'ombe wala wakwe, na mpaka leo husema mbele ya watu kwamba alikubali kengele kwanza, huyu mwenyewe baadaye. Maganga aliitoa msumarini bila kuuliza. Veronica akaipima kila upande, akaichora kwenye kompyuta, na Mkwe akaanza kukata.

Zilikuwa kengele safi, hakuna ubishi. Veronica alizipiga picha, akaziweka stetasi kwenye simu, na chema chajiuza. Ziliagizwa kutoka Maswa, kutoka Meatu, kutoka Mkula. Watu hawakuja tena karakanani kukaa kwenye magurudumu. Walituma ujumbe, kengele ikapakiwa kwenye basi, ikafika jioni. Hakuna aliyeigiza kolo-kolo kwenye ujumbe wa simu. Lile swali la jirani likafa kimyakimya, na Maganga, ambaye zamani asingeuza kengele bila kuliuliza, aliona limekufa akashukuru. Veronica hakujua uzito wake. Alikuwa amekua akiliona kama salamu tu za baba na wateja wake.

Mvua zikaisha. Mpunga ukavunwa, ngitili zikafunguliwa.

Asubuhi moja Mabula wa Mkula aliingia karakanani na gunia begani. Huyu ni rafiki wa Maganga tangu ujana, mtu mrefu, mwenye maneno ya polepole, na siku hiyo alisalimia "mwangaluka" bila hata kungoja aitikiwe. Felisita alikuwa ndio kwanza ameleta uji. Veronica alikuwa kwenye kompyuta. Mafundi wawili wa jirani walikuwa wamekuja kuazima koleo, na kama ilivyo desturi ya kuazima koleo, walikuwa wamekaa.

"Fundi," Mabula alisema, "mimi na Joakim tumekuwa majirani tangu hatuna ndevu. Juzi tumeitana wezi mbele ya sungusungu."

Alieleza. Yeye alinunua kengele kwa simu, Joakim akanunua, na boma la tatu pia. Zote zililia sauti moja. Jioni ng'ombe walipotoka ngitili, makundi yalijigawa ovyo, nusu ya wa Mabula wakamfuata kiongozi wa Joakim. Mtamba wake akalala boma la watu. Alipomfuata asubuhi, Joakim, ambaye naye alikuwa ametafuta ng'ombe wake usiku kucha vichakani kwa kuifuata kengele isiyo yake, alimpokea kwa matusi. Watoto wa nyumba mbili zile hawachezi tena pamoja.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," Mabula alisema. "Sisi tumekusifu sana."

Maganga alishika nusu ya maneno hayo. Nusu nyingine aliipata usoni kwa Mabula, na ilimtosha. Mtu akiona anazama hushika hata povu. Akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiosikia, kwamba kengele zake hazina ubaya, wachungaji ndio wavivu, wanashinda na simu.

Mabula akafungua gunia, akatoa kengele moja, akampa. "Itikise mwenyewe."

Maganga akaipokea. Akaileta karibu na sikio, akafumba macho, akaitikisa kwa ule mtindo wake wa siku zote, ambao watu walikuwa wakitoka mbali kuja kuutazama. Akatikisa tena. Akatabasamu.

"Si hii hapa? Sauti safi. Inafika mbali. Mnataka nini tena?"

Alipofumbua macho aliona wote wanatazama mkono wake, hawatazami uso. Felisita alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Mabula akanyoosha kidole kirefu, akakiingiza kwenye mdomo wa kengele, akachomoa donge la majani makavu.

Mfugaji yeyote akisafiri na kengele huijaza majani, isije ikawasumbua abiria njia nzima. Ulimi ulikuwa umebanwa humo tangu Mkula. Kengele ile haikuwa imetoa hata kijisauti.

Hasira aliyokuja nayo Mabula, ya kummeza mtu mzima, ikamwisha pale pale. Alijaribu kuokoa. "Nimesahau kuyatoa, fundi," akasema. "Kosa langu." Na hilo ndilo lililomuumiza Maganga kuliko matusi yoyote, maana alilisoma vizuri midomoni kwake. Aliiweka kengele juu ya fuawe polepole, akavua aproni, akaondoka.

Felisita alimkuta nyumbani, kwenye benchi la jikoni, chini ya ule msumari mtupu. Akakaa upande wa kushoto. Akamgusa mkono kwanza, ndipo akasema, na Maganga akatambua kwamba kwa muda mrefu sana mke wake hajawahi kusema naye bila kumgusa mkono kwanza, na kwamba kanisani hukaa kushoto kwake, upande wa sikio lenye nafuu, ingawa zamani alikaa na akina mama wenzake.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ulipoacha kunikataza kuimba nikiosha vyombo. Nikasema, huyu amenipenda upya, au hasikii."

Maganga alitaka kucheka, kikamtoka kitu kingine. Alilia, mzee wa watu, kofia ikiwa mkononi, na Felisita akamwacha alie, akimpapasa mgongo.

"Na hukusema, Mama Vero."

"Nilikungoja wewe uniambie. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe una bahati, umeumbuliwa na majani."

Akainua macho kwenye msumari. "Lakini lipo ninalokudai. Ile kengele ni ya mahari yangu. Umekwenda kuigawa mpaka kwa Joakim, mtu ambaye hata simjui. Siku nikiisikia njiani nitajuaje kama ni yangu?"

Lilikuwa kosa lile lile alilolishtaki Mabula, lakini likitoka kwa Felisita lilimwingia Maganga zaidi.

Jioni Veronica alirudi na macho mekundu. Alisema amemlaza Mabula kwa shangazi, amempa chakula, na kwamba kosa ni lake. Baba yake akakataa. Wakagombania kosa lile mpaka Felisita akawaambia kama wanalipenda hivyo wagawane, ugali unapoa.

"Mashine haina ubaya, baba," Veronica alisema baadaye, karibu na sikio la kushoto. "Tuliiambia kitu kimoja, ikafanya kitu kimoja. Tuiambie vingine."

"Mkwe mtiifu mno huyo," Maganga alisema. "Nilipaswa kushtuka."

Walimpeleka hospitali Mwanza, na daktari akasema yaliyokwenda yamekwenda. Alipewa kifaa cha kuweka sikioni, kidogo kama punje ya hindi, kinachomsaidia kusikia mahubiri na kelele za mkewe. Kengele kwenye kifaa kile, alisema, zinalia kama kopo. Kwa hiyo kazi ilibidi ipangwe upya.

Veronica alituma ujumbe Mkula, kwa kila aliyenunua, akaandika maneno ambayo sasa aliyajua uzito wake: jirani yako ana sauti gani? Majibu yakaja siku ile ile, lakini si ya kuigiza. Watu walisimama malishoni wakarekodi. Simu ya Veronica ikajaa kengele za Mkula na wilaya ya Busega nzima, pamoja na ng'ombe wanaolia, mbwa, na mtu mmoja anayemfokea mtoto atoke njiani. Kila sauti ilijichora kwenye kioo, mistari inapanda na kushuka, nene chini, nyembamba juu, na mkia wake unanyooka pembeni mpaka unakwisha.

Maganga aliinama juu ya kioo kile kwa muda mrefu. Akaweka kidole kwenye ule mstari mwembamba wa mwisho.

"Huu ndio mkia," alisema. "Vero, huu ndio mkia!" Alisema hivyo mara nyingi, kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake stendi.

Tangu hapo Mkwe hukata maumbo tofauti, mdomo mpana kwa huyu, kiuno chembamba kwa yule, na mchoro wa kila boma hutunzwa kwenye kompyuta ili sauti yake isipewe jirani. Lakini chuma ni chuma, mabati mawili ya kipimo kimoja hayalii sawasawa, na hatua ya mwisho bado ni nyundo ndogo. Maganga hugonga akitazama simu iliyoegemezwa kwenye kopo la misumari. Na Felisita huketi kwenye kigoda akichambua mchele. "Bado," husema, au hutikisa kichwa tu bila kuinua macho. "Bado. Umepitiliza. Rudi. Hapo." Miaka yote amezisikia kengele kutoka jikoni, anajua mume wake anatafuta nini hata kabla yeye hajakipata. Simu na Felisita hubishana mara nyingi. Kwa kawaida Felisita hushinda, ila siku moja simu ilishinda kwa sababu Felisita alikuwa amesinzia, na Maganga hajaacha kuisimulia.

Mchoro wa kengele ya mahari ulifutwa. Felisita alisimama nyuma ya Veronica mpaka akaona umetoka kwenye kompyuta, akauliza kama kweli hauwezi kurudi, ndipo akaichukua kengele yake akairudisha msumarini mwenyewe.

Kengele mpya za Mkula zilipokamilika, Maganga alikataa zipakiwe kwenye basi peke yake. Alikwenda nazo, amezijaza majani, Felisita pembeni yake. Mabula na Joakim walimpokea pamoja, ingawa walisimama mbalimbali kidogo, kama watu ambao hawajaamua. Kengele za zamani zikavuliwa, mpya zikavishwa viongozi, na ng'ombe wakaachwa wakaenda malishoni pamoja kwa siku kadhaa ili wazizoee.

Jioni aliyoingoja, watu walisimama mahali ambapo njia ya kutoka ngitili inagawanyika, moja kwa Mabula, moja kwa Joakim, moja kwa boma la tatu. Vumbi lilitangulia. Kisha ng'ombe, wengi, wamechanganyika madoa na weusi na wekundu, hata mwenyewe hangeweza kuwatenga kwa macho. Maganga alikazia macho shingo ya dume jeusi lililoongoza. Aliiona kengele inayumba. Kifaa kilimletea sauti ya makopo tu, zote mamoja, na hofu ile ya zamani ikamrudia.

Dume jeusi likashika njia ya Mabula. Nyuma yake kundi likatetereka, likasimama, na ng'ombe wakaanza kuinua masikio. Mmoja akatoka. Mwingine akatoka. Mtamba, yule yule aliyewatukanisha watu wazima, alikuwa katikati ya ng'ombe wa Joakim. Akageuza shingo, akasikiliza, akawapita wenzake kwa mabega, akakimbia kumfuata dume jeusi. Nyuma yake makundi mengine mawili yakajitenga, kila moja na njia yake, na pale njiapanda pakabaki vumbi.

Joakim alikuwa wa kwanza kucheka. Alimpiga Mabula bega, na Mabula akamwambia neno kwa Kisukuma ambalo Maganga hakulipata, wala hakulihitaji.

Felisita akamgusa mkono. Maganga akageuka, akainamisha sikio la kushoto amsikie anachotaka kusema. Lakini Felisita alikuwa anaonyesha kwa kidevu tu, kule ng'ombe walikokwenda, na machozi yanamtoka, na Maganga akaendelea kutazama mpaka wa mwisho akaingia bomani kwao.